Jeni Bubu na Kingamwili za Kuku: Suala la Istilahi

Istilahi “ubadilishaji wa jeni”, ikitumiwa kueleza jinsi kuku apatavyo kingamwili za aina nyingi, humpotosha msomaji, kwani humfanya adhani kwamba pande mbili zimepeana kitu. Sivyo.

Binadamu huunda kingamwili zake kwanza kwa kuteua na kuunganisha vipande kutoka katika makumi ya jeni. Kuku hana utajiri huo. Kwa mnyororo mwepesi wa kingamwili anayo jeni moja tu ya sehemu badilifu iwezayo kufanya kazi. Kando yake zimepangana jeni 25 zilizo bubu, yaani zisizoweza kuunda protini zenyewe. Reynaud na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1987. Ndani ya kifuko cha Fabricius, kilicho karibu na tundu la haja (binadamu hana kifuko hicho), kimeng'enya kiitwacho AID huiharibu kidogo ile jeni moja. Seli, katika kuitengeneza, hunakili kipande cha jeni bubu na kukitia palipoharibika. Tendo hilo hurudiwa mara kadhaa, na kila seli ikaelekea njia yake.

Jeni bubu haipungukiwi na chochote. Mchunguzi wa miswada ya tenzi analijua jambo kama hili: mnakili huazima ubeti katika muswada mwingine, nao muswada ule ukabaki vile vile. Hata hivyo “unakili” peke yake hautoshi, maana seli hunakili jeni zake zote kila inapojiandaa kugawanyika. “Upachikaji nakala” lingefaa zaidi.