Sura ya Saba: Mkono Hausikii Hotuba

Kila ninapowaambia wazazi wa Bonde la Kilombero kwamba shule zetu ziwafundishe watoto habari za bunduki, huinuka mzee mmoja na kuniambia: "Mwalimu, hayo ni ya Marekani. Huku kwetu hakuna." Kikao kikiisha, mzee huyohuyo hunivuta pembeni, akanisimulia nguruwe walivyommalizia mpunga na nani kitongojini huazimisha gobore.

Nimepanga kusahihisha makosa matatu: kwamba silaha hazipo, kwamba kuambiwa ni kufundishwa, na kwamba fimbo ni dawa ya ukatili.

La kwanza tulimalize upesi. Gobore lipo: mtutu wa bomba, kitako cha mti, baruti ya kushindilia, goroli badala ya risasi. Mpunga ukikomaa, gobore huegemezwa kwenye kona ya dungu, na mara nyingi anayeachiwa lindo ni mtoto wa miaka 12. Ubaya wake ni kwamba kwa kulitazama tu hujui kama limeshindiliwa. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inadai kibali, lakini mtoto aliye dunguni hamwoni askari. Anaiona silaha.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike kitabu hiki. Mgeni huletwa paredi asubuhi, akahutubia dakika 20, akauliza "Tumeelewana?" Shule nzima ikaitikia "Ndiyooo!", na ripoti ikaandikwa kuwa wanafunzi wote wamefikiwa. Hilo si somo, ni zindiko.

Silitumii neno hilo kwa mzaha. Bado nakutana na vijana wa darasa la saba wanaosadiki kwamba yuko mganga anayeweza kumkinga mtu na risasi. Sina subira na mambo haya, maana jibu lake liko Mahenge, kusini mwa Ifakara, kwa barabara hiyohiyo wanayoipita. Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji, Wapogoro na Wambunga, walilivamia boma la Wajerumani pale. Waliamini kwamba maji ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe, yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya nyonyo, yangegeuza risasi kuwa maji. Rashasha ziliwaua kwa mamia. Ushujaa wao nauheshimu. Ninayoilaani ni dawa. Lakini mwalimu anayeyacheka maji yale, kisha akaitegemea hotuba ya paredi, naye anawanyunyizia watoto maji yaleyale.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote kwamba kuambiwa hakutoshi unatoka Atlanta, Marekani, na msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo mpango wangu huharibika kila mara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliingizwa, wawili wawili au watatu watatu, katika chumba chenye kabati. Ndani ya droo zake mlikuwa na bastola mbili za maji za kuchezea na bastola moja halisi. Hiyo halisi haikuwa na risasi, ila ilitegewa kifaa cha kuwasha taa pindi kifyatulio kikivutwa kwa nguvu ya kutosha kufyatua. Watafiti walikaa nyuma ya kioo wakitazama. Makundi yalikuwa 29. Katika hayo, 21 yaliikuta bastola halisi, 16 yakaishika, na katika makundi 10 taa iliwaka. Tena zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuifyatua walisema waliwahi kufundishwa usalama wa bunduki! Wazazi waliosema "wangu hapendi bunduki" hawakupatia: watoto wao waliishika sawasawa na wengine.

Ninaloliona mimi ni kwamba hakuna mvulana aliyeingia mle peke yake. Kilichopaswa kushindwa ni jicho la mwenzake, na hotuba haimfundishi mtu kulishinda jicho hilo.

Majaribio ya baadaye, kwa watoto wadogo zaidi, yameonyesha hatua kwa hatua kinachohitajika. Waliokaririshwa kanuni waliitamka vizuri na hawakuitenda. Waliofanyishwa mazoezi waliitenda darasani, lakini wengi walisahau walipoikuta silaha bila kujua kwamba wanapimwa. Kilichosaidia ni mwalimu kujitokeza palepale walipokosea na kuwarudisha mazoezini: acha, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima.

Hilo halihitaji mfadhili. Chonga gobore la mti, liegemeze nyuma ya darasa. Mwanafunzi mmoja amchokoze mwenzake: "Shika tuone. Muoga wewe." Mwenzake awe na jibu mdomoni na miguu ya kuondokea, arudie mpaka aache kuona aibu. Wiki mbili baadaye, gobore hilohilo likutwe kwenye bustani ya shule, bila tangazo.

Atlanta imekula nafasi ya kosa la tatu, basi nitasema machache. Kanuni zetu za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu hadi viboko vinne. Katika Wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki jaribio la mbinu za shirika la Raising Voices za kujenga nidhamu bila fimbo. Katika shule zilizozitumia, wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule wiki iliyopita walikuwa asilimia 31. Katika nyingine, 49. Mtoto anayepigwa ili aache kupigana anajifunza kwamba mwenye silaha ndiye mwenye haki.

Nirudi kwa mzee wangu. Siku moja nilimuuliza lile gobore la kuazimisha hulala wapi.

"Chini ya kitanda."

"Na watoto wanajua?"

Akacheka. "Watoto wanajua kila kitu, Mwalimu."

Alikuwa amesahau kwamba huku kwetu hakuna.