Kusafisha kizazi hakuondoi HPV

Kirusi cha HPV huingia kwenye mlango wa kizazi kupitia michubuko isiyoonekana kwa macho, kikajificha katika seli za chini kabisa za utando, zile zinazogawanyika na kuzaa tabaka za juu. Hakiumi, hakiwashi. Kwa wanawake wengi kinga ya mwili hukimaliza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hatari huanza pale aina kali zinapong'ang'ania, hasa ya 16 na ya 18, ambazo husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Protini ya kirusi iitwayo E6 huiharibu p53, mlinzi anayeisimamisha seli yenye kasoro irekebishwe au ife. E7 huizima Rb, breki ya mgawanyiko. Kasoro hurundikana, na baada ya miaka 15 hadi 20 saratani huota. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa, miaka 5 hadi 10 inatosha.

Swali la kila siku, “Nikisafisha kizazi, HPV itatoka?”, hukichukulia kirusi kama uchafu. Si uchafu. Kimo ndani ya seli, mahali ambapo mvuke, kitunguu saumu na vidonge vya mitishamba vinavyosukumwa ukeni havifiki. Vinachofikia ni utando wa juu, vikauchubua na kuuunguza, na bakteria walinzi wa uke, vikawavuruga. Mabonge yanayotoka baada ya siku chache, ambayo muuzaji huyaonyesha kama taka za miaka mingi, ni ute, mabaki ya dawa yenyewe na utando uliobanduka.

Hutolewa pia ushuhuda wa aliyekutwa na HPV, akatumia dawa, akapimwa tena akakutwa hana. Kazi hiyo imefanywa na kinga yake. Wengi wasiotumia chochote hupata majibu yaleyale. Anayeumizwa ni yule ambaye kirusi kimegoma kutoka. Miaka ambayo mabadiliko ya awali yangeondolewa kwa dakika chache huipoteza akifukizwa, na damu inapoanza kumtoka baada ya tendo la ndoa, mara nyingi saratani imeshakomaa. Huo ni ukatili, hata muuzaji awe na nia njema.

Dawa ya kumeza ya kuua HPV haipo. Kinga ni chanjo. Tanzania huwapa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja, kabla hawajaanza ngono, kwani haifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia. Upimaji huanza miaka 30, au 25 kwa wenye VVU: kwa kipimo cha vinasaba vya kirusi, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, au kwa siki, inayogeuza sehemu yenye mabadiliko kuwa nyeupe. Sehemu hiyo hugandishwa kwa tiba mgando, huchomwa kwa joto au hukatwa kwa waya wa umeme, mara nyingi siku hiyohiyo. Anayetokwa damu isiyo ya hedhi asingoje ratiba ya upimaji. Aliyechanjwa naye hupimwa, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote.