Masisi na Walikale: mtu asiyesikia adai haki yake kwenye mlango gani?

Katika vijiji vya Masisi, hata mtoto wa miaka 6 anajua kutofautisha radi na bomu. Anajua risasi ya mbali na ya karibu, sauti ya kulala chini na sauti ya kubeba godoro na kukimbia. Mtu mwenye uziwi mkubwa hana elimu hiyo. Yeye huangalia miguu ya wengine. Jirani akikimbia, naye anakimbia. Jirani akiwa ameshaondoka, yeye anabaki jikoni akipika. Na kwenye kizuizi cha barabarani, amri ya «simama» ikitolewa nyuma yake, anaendelea kutembea, na mwenye bunduki anafikiri kwamba anadharauliwa.

M23 iliingia Masisi-Centre tarehe 4 Januari 2025. Walikale-Centre ikafuata tarehe 19 Machi, kabla ya wapiganaji hao kuondoka tena majuma machache baadaye. Katikati ya mambo hayo, swali la malipo ya ulemavu linaweza kuonekana dogo. Lakini katika nyumba ambamo baba au mama hasikii tena, na kwa hiyo hapati kibarua wala hawezi kuuza sokoni bila mtu wa kumsaidia, ni swali la maharagwe ya jioni: je, serikali inamdai chochote, au yeye ndiye anaidai serikali?

Kwa karatasi, anaidai. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba wazee na watu wanaoishi na ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Kongo ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za walemavu mwaka 2015. Tangu 2019 kuna waziri mwenye kazi hiyo serikalini, na tarehe 3 Mei 2022 ilitiwa sahihi sheria namba 22/003 inayolinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Wengi katika mashirika ya raia waliipokea kwa shangwe, na walikuwa na sababu.

Ila sheria hiyo haikuweka pesa ya kila mwezi mkononi mwa kila mlemavu. Nchini Kenya, familia maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inaweza kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii na kupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, na hucheleweshwa, lakini mlango unajulikana. Kongo hakuna mpango wa namna hiyo. Kuna milango michache iliyotawanyika, na kinachoamua mlango gani utafunguka si kiasi cha uziwi tu. Ni namna mtu alivyopata uziwi wenyewe, na alikuwa akifanya kazi gani siku hiyo.

Mlango wa kwanza ni CNSS, kaisa ya usalama wa jamii ambayo wazee wengi bado wanaiita INSS. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inampa mfanyakazi haki mbili ambazo watu huzichanganya. Akiharibika masikio kwa sababu ya kazi yenyewe, kwa mfano mashine au baruti, hiyo ni hatari ya kazi: upungufu ukiwa mkubwa hulipwa rente, ukiwa mdogo hulipwa mara moja tu. Akipoteza masikio kwa ugonjwa usiotoka kazini, na akashindwa kujitafutia riziki, hapo inahusika pensheni ya ulemavu. Katika hali zote mbili kuna sharti moja: awe alitangazwa na mwajiri, na michango iwe inalipwa.

Sharti hilo linawaacha nje karibu watu wote wa wilaya hizi mbili. Mlimaji wa Nyabiondo hana mwajiri. Mchunga ng'ombe wa milima ya Masisi analipwa kwa maziwa au kwa mkataba wa mdomo. Kreseri wa koltani ya Rubaya, au wa machimbo ya Walikale, anagonga mwamba siku nzima ndani ya shimo jembamba ambamo kelele haina pa kutokea, na hakuna anayemwandikia hata jina. Fundi wa kampuni iliyosajiliwa akipatwa na jambo lilelile, ana faili. Kelele ni moja, karatasi ndizo zinatofautiana.

Mlango wa pili ni mpya. Ni FONAREV, mfuko wa taifa wa fidia kwa wahanga wa unyanyasaji wa kingono unaotokana na vita na wa jinai kubwa dhidi ya binadamu. Uliwekwa na sheria ya tarehe 26 Desemba 2022, na unalishwa kwa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Mtu ambaye ngoma za masikio yake zilipasuka bomu lilipoanguka kijijini anaweza kuwa mhanga anayehusika, lakini lazima kwanza atambuliwe, na ajieleze. Kujieleza huko kunahitaji mtu wa kumfasiria. Nani atamfasiria?

Hapa watu wa mjini husema haraka: lugha ya ishara. Lugha hiyo ipo, na ina historia yake. Ishara zinazofundishwa katika shule nyingi za viziwi za Kongo zilienea kwa kazi ya Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, aliyeanzisha shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika hadi alipokufa katika ajali ya ndege Rwanda, Desemba 1987. Lakini mtu aliyeziwika akiwa na miaka 40 huko Pinga hajawahi kuingia katika shule hiyo. Ana ishara za nyumbani tu, zile anazoelewa bibi yake na mtoto wake wa kwanza. Huyo mtoto ndiye ofisi yake, simu yake na wakili wake.

Kisha kuna cheti cha muganga. Mguu uliokatwa unaonekana na kila mtu. Sikio lisilosikia halionekani, na mwenye nalo huitwa mkaidi, mjinga, au mtu aliyelogwa. Ili kuthibitisha, kinahitajika kipimo cha usikivu: mashine, chumba kimya, na muganga anayejua kuisoma. Shirika la Afya Duniani, WHO, linauita uziwi mkubwa pale ambapo sikio lililo bora zaidi halisikii sauti iliyo chini ya desibeli 65 hadi 80. Mazungumzo ya kawaida yapo karibu na 60. Kwa maneno mengine, mtu huyo anamwona mwenzake akifungua kinywa, basi. Kipimo hicho hakifanyiki katika kituo cha afya cha kijijini, na hospitali za Masisi na Walikale zimeshughulika kwanza na majeruhi wa risasi, wajawazito na watoto wenye utapiamlo.

Cheti chenye neno «surdité» peke yake hakimsaidii mtu sana. Kinachohitajika ni kiwango, tarehe na chanzo: uti wa mgongo, yaani menenjiti, surua, usaha wa masikio wa miaka mingi, sindano za streptomisini au jentamisini, mlipuko. Chanzo ndicho kinachoamua mlango. Aliyezaliwa hivyo, au aliyeugua surua utotoni, hana mlango wowote kati ya hiyo miwili.

Vita imezidisha umbali. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, na Kinshasa ikahamishia uongozi wa jimbo Beni. Aliyeko Walikale upande wa serikali, akitaka kufika Beni bila kupita maeneo ya M23, anapaswa kuzunguka kupitia Lubutu na Kisangani. Aliyeko Masisi anaishi chini ya uongozi mwingine. Na wengi walikimbia bila karatasi. Watu wa Masisi waliokuwa katika kambi za pembezoni mwa Goma walirudishwa makwao Februari 2025 kambi zilipovunjwa, na kuandikishwa kwao kule kukabaki kule.

Kwa hiyo, kwa wengi, msaada wa mashirika ndio «malipo ya ulemavu» pekee yanayoweza kuwafikia. Huko nako kuna mtego ambao haujulikani vya kutosha. Mashirika mengi huuliza maswali mafupi 6 yaliyotungwa na Kundi la Washington, kikosi cha wataalamu wa takwimu. Moja linahusu masikio: je, una shida ya kusikia, hata ukitumia kifaa? Majibu ni manne: hapana, shida kidogo, shida nyingi, siwezi kabisa. Kwa kawaida wanaojibu «shida nyingi» au «siwezi kabisa» ndio wanaohesabiwa kuwa na ulemavu. Anayesema «kidogo» hahesabiwi.

Na kwetu, mtu mzima huulizwa mbele ya majirani, mara nyingi kwa kupitia ndugu yake. Heshima inamfanya aseme kidogo. Ndugu naye anasema kidogo, kwa sababu nyumbani wanaelewana. Yule anayeandika anaweka alama na kupita kwenye nyumba inayofuata. Afadhali ndugu aulizwe swali lingine: je, ukimwita kwa nyuma ukiwa hatua tano, anageuka?

Hata aliyehesabiwa hajamaliza safari. Siku ya ugawaji, majina huitwa kwa megafoni, au simu hupigwa kwa namba iliyoandikwa. Baadhi ya familia zimepata njia yao: wanaandikisha namba ya mtoto badala ya ile ya baba, wanaomba neno «hasikii» liandikwe kando ya jina, na wanapiga picha jetoni na cheti cha muganga ili vibaki ndani ya simu ikiwa nyumba itachomwa. Wasio na simu humweka mzee mstari wa mbele, karibu na meza, mahali anapoweza kuona orodha na kunyoosha kidole kwenye jina lake.