Guerrilla: Vita Vidogo vya Hispania

Neno guerrilla ni la Kihispania: guerra ni vita, na guerrilla ni vita vidogo. Lilivuma duniani baada ya majeshi ya Napoleon kuivamia Hispania mwaka 1808. Wanavijiji waliwavizia matarishi na misafara ya chakula, kisha wakatoweka. Wafaransa waliwaita majambazi na kuwaua walipowakamata. Hata hivyo vita viliendelea hadi 1814.

Mpiganaji mwenyewe huitwa guerrillero, tofauti iliyopotea katika lugha nyingi. Kiswahili husema “mpiganaji wa msituni”. Sisi askari twaona tafsiri hiyo yapotosha kidogo. Francisco Espoz y Mina wa Navarra alipigana milimani na barabarani, na maficho yake makuu hayakuwa miti, bali raia waliomlisha na kumpasha habari za adui.