Simbilisi Mgonjwa Naye ni Amana

Watoto wengi huwapenda simbilisi kwa upole wao. Lakini mnyama huyu huficha maumivu yake. Aghalabu familia hung'amua kwamba anaumwa pale uvimbe unapokuwa umekwisha kukua chini ya taya au shingoni, naye ameanza kuacha majani.

Uvimbe huo huenda ukawa ni jipu. Bakteria huingia kupitia jeraha la meno ya madume waliogombana, bua kavu lililomchoma kinywani, au mzizi wa jino ulioharibika. Usaha wa simbilisi ni mzito, hautoki kwa wepesi. Kuliminya jipu kwa vidole ni hatari, kwani huweza kupasukia ndani na kueneza maradhi. Kulipasua ni kazi ya daktari wa mifugo, ambaye mara nyingi hukiacha kidonda wazi ili kipone kuanzia ndani.

Hatari nyingine imo katika kabati la dawa. Mzazi mwenye huruma huweza kumnywesha amoksilini iliyobaki mtoto alipougua. Dawa za jamii ya penisilini, zikinyweshwa simbilisi, huua bakteria wenye manufaa katika utumbo wake, na huweza kumuua mnyama ambaye jipu lenyewe lisingemuua. Basi huruma bila ya elimu haitoshi.

Baada ya matibabu, uuguzaji ni wa nyumbani. Mgonjwa atengwe na wenziwe, alazwe juu ya kitambaa safi kikavu kinachobadilishwa kila siku. Kidonda kioshwe kama daktari alivyoelekeza, kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, robo lita kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Apimwe uzito kila siku, maana uzito hupungua kabla ya dalili nyingine kuonekana. Akikataa kula, asisubiriwe hadi kesho: utumbo wake hudhurika haraka usipopata chakula. Daktari ajulishwe, naye aweza kuagiza alishwe uji wa majani kidogo kidogo kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano. Apewe pia pilipili hoho mbichi, kwa kuwa mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, na vidonda havifungi vyema bila hiyo.

Wapo watakaouliza: ya nini kugharimia mnyama ambaye bei yake ni ndogo kuliko ada ya daktari? Jibu limo katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) alieleza habari za mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Simbilisi wa bandani naye hawezi kujitafutia nyasi wala tiba. Sisi tuliomfungia ndio tuliobeba dhamana yake. Asiyemudu gharama ya kumtunza akiugua ni bora asimnunue.

Muuguzaji naye akumbuke twahara. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, usaha ni najisi. Aoshe mikono, na nguo iliyoingia usaha, kabla ya kusimama kuswali. Na mtoto ashirikishwe kazi anazozimudu, kama kuchuma majani na kubadilisha maji, ili ajifunze kwamba kumpenda kiumbe ni pamoja na kumhudumia siku asiyoweza kucheza naye.

Wallahu a'alam.