Vijiko Vitatu vya Maji tu, na Injini ya Ndae Yako Imekwisha: Soma Hii Kabla Mvua Irudi Mtaani

Kila mvua kubwa ikishuka Nairobi, kuna video mbili utaziona kwa simu kabla hata viatu vyako vikauke. Ya kwanza ni Prado inapasua maji kama meli, dere amefungua dirisha nusu, wasee kando ya barabara wanashangilia. Ya pili ni Probox imekwama katikati ya maji hayo hayo, boneti juu, na vijana wanne wanaisukuma wakiitisha mia mbili.

Watu huicheka hiyo ya pili. Lakini mara nyingi huyo wa Probox angeokoa injini yake kama angeacha tu kugusa ufunguo. Na huyo wa Prado mwenye anashangiliwa, pia yeye anaweza kuwa ameenda home na shida imejificha chini ya gari, itajitokeza mwezi ujao.

Wakazi wa Kibera na Kawangware hawahitaji kuambiwa maji yanatoka wapi. Kibera imekaa kwa mteremko, kwa hivyo yale ya juu yote yanashuka kwenda pande za Lindi na Silanga, yanaingia Mto Ngong, halafu Nairobi Dam. Kawangware shida kubwa ni mitaro imezibwa na taka, mvua ya saa moja inafanya Naivasha Road na zile njia za ndani za Gatina zikae kama mto. Kati ya Machi na Mei 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 Kenya nzima, na wakati kama huo hakuna mtu mwenye akili anafikiria gari kwanza. Lakini maji yakiondoka, kuna dere wa mat, kuna msee wa nduthi ya loan, kuna mama anauza mboga na kapikapu ya kubebea mzigo, na wote wanataka kujua kama kazi iko kesho.

Sasa, mimi nilisoma mechanical mwaka mmoja na nusu kabla fee ikatae, na hii ndio kitu moja ya darasani yenye naonanga ikitumika mtaani kila msimu wa mvua.

Injini inavuta pumzi kama wewe. Chukua ile ya Probox ya 1.5, ina silinda 4. Kila silinda inavuta kama mililita 374 za hewa na petroli, halafu pistoni inapanda inazifinya mpaka zikae kwa nafasi ya mililita 40 hivi. Hewa haina shida ikifinywa. Maji hayataki hiyo maneno kabisa. Kama unabisha, chukua sirinji ya chemist, ijaze maji, ziba mdomo na kidole, halafu sukuma uone kama itaingia hata kidogo.

Mililita 40 ni ngapi? Kijiko cha mezani ni 15. Piga hesabu. Hata vijiko vitatu havifiki.

Pistoni ikipanda ikutane na maji hayo, vali zote zimefungwa, hakuna pa kutokea. Lakini nyuma yake injini bado inazunguka kwa nguvu, na gari lenyewe linasukuma. Lazima kitu kikubali. Chenye hukubali ni konrodi, ile chuma inashikanisha pistoni na kranki. Inapinda. Ikipinda sana, gari inazima hapo hapo na haizunguki tena. Ikipinda kidogo ndio noma zaidi, ju injini inaweza waka, ikakuwa na sauti ngeni na nguvu imepungua, ukaendelea na mboka ukidhani umeponea. Halafu siku moja ukiwa Waiyaki Way na abiria, chuma inakatika na kutoboa bloku. Hapo sasa unaenda kutafuta injini ingine Kirinyaga Road.

Diesel haina huruma hata kidogo. Petroli inafinya hewa kama mara 10, diesel inafinya mara 17 ama 18, kwa hivyo nafasi inayobaki juu ya pistoni ni nyembamba zaidi kwa saizi yake. Na hii yote inafanyika haraka vibaya. Injini ikiwa kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, kila silinda inavuta karibu mara 17 kwa sekunde. Ukisikia imekohoa, jua imeshameza.

Maji yanaingilia wapi? Kwa ndae nyingi ndogo, mdomo wa kuvuta hewa uko mbele, nyuma ya grili ama karibu na taa. Uko juu kidogo ya bampa, na ndio maana watu huona maji ya magoti wakasema "hii tunapita". Pengine maji yakiwa yametulia unapita. Lakini ukiingia na spidi, gari inasukuma wimbi mbele yake, na wimbi hilo linapanda mpaka kwa grili. Ukienda polepole kama mtu anatembea, gia ya kwanza, bila kusimama na bila kubadilisha gia, maji mbele yako yanabaki chini. Lakini kumbuka hauko peke yako. Basi likikupita kwa fujo, wimbi lake linakupata wewe. Subiri lipite ndio uingie.

Imezima katikati. Sasa?

Hapa ndio pesa zinaokolewa ama zinapotea. Gari ikizima ndani ya maji, mkono wote wa Nairobi unaenda kwa ufunguo. Kila ukipiga stata, inalazimisha pistoni dhidi ya maji yenye yako ndani. Stata ni motor ndogo, lakini kupitia meno ya flaiwili ina nguvu ya kutosha kupinda chuma.

Mbaya kuliko stata ni ile ya kusukumwa. Vijana wanakuja, wanasukuma mpaka mahali pakavu, halafu mmoja anasema "buda weka gia ya pili achilia klachi." Usiachilie. Hiyo ni uzito wa gari lote, zaidi ya tani moja, unapitia kwa magurudumu mpaka kwa ile konrodi moja. Wanaweza kukusukuma kutoka kwa maji, walipe hiyo mia mbili, wameifanyia kazi. Lakini gia iwe nyutro mpaka mwisho.

Ukishatoka, toa waya ya betri. Fungua kikopo cha eakilina. Ikiwa karatasi ndani ni kavu, una bahati, pengine waya tu ndio zimelowa na gari itawaka ikikauka. Ikiwa imelowa chapa, ita fundi atoe plagi zote kwanza, ndio injini izungushwe. Maji yatatoka na presha kwa matundu ya plagi, simama kando. Diesel haina plagi za moto, fundi anatoa zile za kupasha joto ama injekta. Halafu chomoa dipstiki. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia huko pia. Mwaga yote, weka mpya na filta mpya, hata kama ulibadilisha juzi.

Watu wa nduthi mko na akili hapa kuliko watu wa magari, na siwapaki mafuta. Boxer ya 150 ina silinda moja tu, ndani ya cc 145 hivi, kwa hivyo kijiko kimoja na kitu kinatosha kuiziba. Lakini nduthi ya mtaa hufufuka sana. Ju gani? Kwa sababu msee akizimikiwa na maji pale chini ya Lindi, anatoa plagi mwenyewe na spana yake, anapiga kiki mara kumi, maji yanaruka, anairudisha. Na mguu wa binadamu hauna nguvu ya kupinda konrodi. Kiki ikikataa kushuka, hiyo ni injini inakwambia imejaa. Mwenye hupata hasara ni yule wa stata ya kubonyeza mwenye anashikilia tu kidole.

Kitu moja ya kukumbuka ni ekzosi. Ya nduthi iko chini. Injini ikiwa inanguruma, moshi unasukuma maji nje. Ikizima ikiwa ndani, maji yanaanza kurudi juu. Kwa hivyo usiiache imelala huko ukitafuta msaada, itoe kwanza.

Na wale wa four-wheel?

Four-wheel inakusaidia kuvuta. Kupumua ni maneno mengine. Land Cruiser bila snorkeli inakufa kama Probox, tofauti ni kimo tu. Hata magari ya Safari Rally, 2024 ilipopelekwa Easter ndani ya msimu wa mvua Naivasha, yalifungwa snorkeli, na hayo ni magari yana mafundi kuliko wenye tuko nao mtaa mzima.

Na snorkeli pia haimalizi. Fikiria difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli. Umetoka tao, imezunguka saa nzima, imekuwa moto. Unaizamisha ghafla kwa maji baridi. Hewa iliyo ndani inapoa, inasinyaa, inaanza kuvuta. Kama tundu lake la kupumua liko chini, ama sili zimechoka, inavuta maji. Gearbox inaweza fanya hivyo pia. Hutasikia chochote siku hiyo. Utasikia baadaye ikianza kulia ukiachilia mafuta, wakati gia za ndani zimeshaliwa kwa kukosa oili safi. Bering za magurudumu nazo grisi yao inaoshwa na kuachiwa mchanga. Na maji ya huku kwetu si ya mvua pekee, unajua venye yamebeba kila kitu, na makaratasi yanajifunga kwa shafti mpaka yakate raba.

Wakenya wenye wako Minnesota wanakutana na hii stori kwa theluji. Theluji ikiwa nene inajipakia chini ya gari mpaka tumbo likae juu yake, magurudumu yanazunguka bure hewani. Inaziba grili, na injini inachemka kwa baridi ya kugandisha mate. Matope ya njia zetu za ndani hufanya kazi hiyo hiyo. Gari imekalia tumbo, dere anakanyaga mafuta na klachi nusu, unasikia harufu ya kuchoma. Hiyo ni klachi inaisha ukiwa umesimama mahali pamoja. Chimba chini ya tumbo, weka mawe ama mbao mbele ya magurudumu, punguza upepo kidogo kwa tairi zenye zinavuta, halafu toka polepole. Ukifika nyumbani osha radieta kutoka nyuma kwenda mbele, la sivyo matope yanakauka kama matofali na wiki ijayo inachemka kwa jam.

Breki ujaribu hapo hapo ukitoka, kabla ya mteremko. Kanyaga kidogo kidogo ukiendesha mpaka uzisikie zimeshika. Zile za duara za nyuma huwekanga maji.

Kuhusu maji yanayotembea, kama ya mto uliofurika, sahau injini kabisa. Sentimita 30 zinaweza kuinua gari ndogo, 60 zinabeba karibu kila gari ikiwemo hiyo Prado. Matairi ni mapipa ya hewa, yanaelea. Na kama huoni lami, hujui kama mtaro uko wazi ama kifuniko kiliibwa na wauza scrap.

Sasa tuongee doh. Bima ya thad pati hailipi injini yako hata senti. Comprehensive, soma karatasi yako leo uone kama mafuriko yamo, usingoje mpaka uko kwa garage. Kwa mat nyingi, injini ikipasuka mwenye gari haulizi mvua ilinyesha kiasi gani. Anauliza nani alikuwa anaendesha. Dere hana mkataba, hana mshahara wa mwezi, na kesho asubuhi kuna dere mwingine amesimama stage anangoja hicho kiti.

Kwa hivyo wewe abiria wa 46, dere akisimama kabla ya maji aseme mshukie hapo, unaweza kumdai konda pesa irudi kidogo, hiyo ni haki yako. Lakini wacha ile ya kupiga bodi ukisema "si wenzako wanapita." Wenzake wanapita na injini ya mtu mwingine.