Vijineno vya Kijapani Vinapofuatana

Msemaji wa Kiswahili anayeanza Kijapani huzoea upesi kwamba maneno ya uhusiano katika lugha hiyo hukaa nyuma ya nomino. Sisi husema "kutoka Kyoto", Mjapani husema Kyoto kara. "Hadi Osaka" ni Osaka made. Vijineno hivi huitwa joshi. Ga huonyesha kiima, o huonyesha yambwa, ni huonyesha mahali panapofikiwa au mpokeaji, e huonyesha uelekeo, de huonyesha tendo lilipofanyikia au chombo kilichotumika. Ugumu huja pale viwili au vitatu vinapofuatana nyuma ya nomino moja. Vitabu vingi vya wanaoanza huorodhesha ni wa, de mo, kara no na made ni kana kwamba kila jozi ni msamiati mpya wa kukariri. Naiona njia hiyo kuwa ndefu bila sababu, kwa kuwa jozi hizo zina mpangilio unaoeleweka.

Kijineno kinachoifunga nomino na kitenzi hukaa karibu na nomino. Kile kinachoonyesha msemaji anaitazamaje nomino hiyo hufuata nyuma yake. Wa huifanya kuwa mada au huilinganisha na nyingine, na mo huleta maana ya "pia". Kwa hiyo Osaka e wa ikimasen ni "Osaka siendi", na msikilizaji anahisi kwamba huenda kwingine utakwenda. Kyoto de mo yuki ga furimasu ni "Kyoto nako theluji huanguka". Hakuna asemaye Osaka wa e, kama vile kwetu hakuna anayeweza kuvuruga viambishi vya nitakuambia na bado akaeleweka. Hata vikifika vitatu, utaratibu ni uleule. Getsuyobi made humaanisha "hadi Jumatatu". Ukiongeza ni, muda unageuka kuwa kikomo, yaani kazi iishe kabla Jumatatu haijapita. Na getsuyobi made ni wa owarimasu ni ahadi kwamba hata ikichelewa, haitavuka Jumatatu.

Utafiti wa jambo hili ni wa siku nyingi. Katika karne ya 18 Motoori Norinaga alichunguza namna baadhi ya vijineno vilivyolazimisha kitenzi cha mwisho wa sentensi kuwa na umbo fulani katika Kijapani cha kale. Baadaye Yamada Yoshio (1873–1958) aliviweka wa na mo katika kundi lao, mbali na vile vya uhusiano kama ga na o.

Ga na o ndivyo vinavyowatatiza wanafunzi. Ungetarajia ga wa na o wa, lakini katika Kijapani cha leo wa inapokuja, viwili hivyo huondoka. Niku o tabemasu ni "nala nyama". Ukitaka kusema kwamba nyama huli, ni niku wa tabemasen. Mo nayo huviondoa, ingawa o mo bado huonekana katika maandishi ya mtindo wa juu. Zamani o na wa ziliungana kuwa oba, na masalia yake ni ba inayoonyesha yambwa katika lahaja za Kyushu. Mwaka 1960 Mikami Akira alitoa kitabu kilichopewa jina la sentensi Zo wa hana ga nagai, yaani tembo mkonga wake ni mrefu, akieleza kwamba wa hubeba pia kazi ya vijineno vilivyofichwa. Hapa iliyofichwa ni no, maana nyuma yake iko zo no hana, "mkonga wa tembo".

No hiyo ndiyo inayompa Mswahili nafasi nzuri kuliko wanafunzi wengi. Sisi husema "treni ya kutoka Kyoto", tukiweka kiunganishi cha umilikishi mbele ya neno la uhusiano. Mjapani hufanya hivyohivyo, ila kwa mpangilio uliogeuzwa: Kyoto kara no densha. "Ahadi na rafiki" ni tomodachi to no yakusoku, na bila no sentensi hukwama, kwa kuwa to peke yake hutafuta kitenzi, nayo yakusoku ni nomino. Kuna pengo la kukumbuka: ni no haipo katika matumizi haya. Barua unamwandikia mama kwa ni, haha ni kakimasu, lakini barua yenyewe ni haha e no tegami.

Mahali pekee ambapo mpangilio unaweza kubadilika ni kwa vijineno kama dake, "tu", na hapo maana nayo hubadilika. Basu dake de ikemasu humaanisha kwamba basi linatosha, huhitaji kuunganisha na treni. Basu de dake ikemasu humaanisha kwamba bila basi hufiki. Kiswahili "unaweza kufika kwa basi tu" hubeba maana zote mbili, na mgeni anayetafuta njia mjini Kyoto angefurahi kujua ni ipi.

Vijineno vya mwisho wa sentensi navyo vina zamu yao: yo hutoa taarifa, ne huomba kukubaliwa, na vikikutana huwa yo ne.

Kwa hiyo, mwanafunzi, acha orodha ya jozi. Chukua sentensi moja fupi yenye kitenzi, uiongezee wa, kisha mo, kisha uigeuze kuwa nomino kwa no. Ukifanya hivyo kwa kara, made, de na to, utakuwa umeshajua sehemu kubwa ya jozi zilizomo katika kitabu chako.